Mbuzi Aliyebaki Nyuma ya Jiko

Jumapili, 1 Machi 1981

Leo naanza, na ninaahidi: nitaandika yote. Si mazuri tu. Yote — hata ya aibu, hata ya Papa. Masera Bernadette, mtawa anayetufundisha Kiswahili, ametugawia kaye hizi, madaftari mapya, na kusema kila msichana aandike mambo ya kwao kila juma, na kwamba yeye hatazisoma. Si kwa ajili yake, alisema, ni kwa ajili ya mkono wetu. Wenzangu walicheka. Mimi nimemwamini.

Basi. Mimi ni Kanyere. Shuleni ni Kanyere tu, kwa sababu serikali haitaki majina ya ubatizo. Nyumbani ni Angélique, siku ambazo Mama ana furaha. Leo sikuitwa Angélique.

Papa ni mwalimu Athanase wa darasa la sita, hapa Bigo, mtaa wetu wa Bunia. Mshahara hajauona tangu Noeli. Mama hununua maharagi ya Djugu, huyapandisha lori hadi Niania, hurudi na mchele na mafuta ya mawese. Kwa hiyo tunakula. Hilo tu lingetosha kuleta furaha katika nyumba ya watu wenye akili. Kwetu ndilo linaloleta ugomvi!

Leo baada ya misa Mama alipika nyama ya ng'ombe. Papa akaitazama kama mgeni aliyeingia bila kubisha.

"Hii nyama imetoka wapi?"

"Kwa ng'ombe," Mama akajibu.

Papa akasogeza bakuli pembeni, akala bugali kwa mboga ya lengalenga, taratibu, ili tumwone. Mdogo wangu Lucienne, mwenye miaka mitano, alikula nyama yake na ya Papa. Mchana wote amelala akilia tumbo.

Jumatano, 4 Machi 1981

Jumatano ya Majivu. Na leo ndiyo siku aliyochagua Noko Katsuva kufika! Noko ni kaka mkubwa wa Mama. Ametoka Lubero kwa lori, vumbi mpaka kwenye nyusi, kofia kichwani. Hakuivua. Akaketi kwenye kiti cha Papa.

Mama akamletea maharagi. Akafunua sufuria, akafunika, akafunua tena.

"Hata kuku?"

"Kaka, leo ni majivu."

"Kwetu majivu tunafagia, kisha tunakula."

Lakini alikula. Sahani mbili. Kisha akamgeukia Papa.

"Shemeki, nimepanda kamiyo siku mbili juu ya kintu moja. Weye unaijua."

Sote tunaijua. Papa alipomwoa Mama hakumaliza mahari. Walibaki mbuzi wanne. Kila mwaka alisema mwaka ujao, na babu, baba yake Mama, alikuwa mtu mpole, hakumsumbua. Lakini babu alikufa mwezi wa kwanza. Kwenye matanga wakwe wengine walifika kila mmoja na mbuzi wake. Papa alifika na blanketi.

"Na ile blanketi ilikuwa ya nani?" Noko akasema. "Ya dada yangu! Niliijua kwa mushono."

Papa akasema mshahara haujafika.

"Mushahara, mushahara! Iko na pembe? Inakula majani? Siye hatukukuomba mushahara. Mbuzi ine."

Kisha akasema la mwisho, kwa sauti ya chini, na hilo ndilo lililonitisha. Atarudi baada ya Pasaka. Asipokuta mbuzi atapanda lori na dada yake. Mama atakwenda kwao "kupumzika" mpaka Papa apate.

Ninajua kupumzika huko. Mama yake Geneviève, msichana ninayeketi naye dawati moja, alikwenda kupumzika tukiwa darasa la tano. Bado anapumzika. Geneviève anapikia wadogo zake na huja shuleni akinuka moshi, na akiulizwa habari za mama yake husema hajambo, kama mtu anayejibu habari za mgonjwa.

Ijumaa, 6 Machi 1981

Noko ameondoka na kilo nyingi za mchele wa Mama na kofia yake. Alipotoka tu wakaanza.

Nilikuwa nachambua maharagi mlangoni. Sikujificha. Wao ndio hawakuniona.

Mama alisema franga iko, pesa ya mbuzi. Alisema wazi: faida ya safari mbili za Niania inatosha mbuzi wanne na kamba zao.

"Unataka bantu ya Bigo waseme bibi ya mwalimu alijioa?" Papa akauliza.

"Nani atawaambia?"

"Miye nitajua!"

"Basi uniombe. Sema: mama Kanyere, unisaidie. Nitakupa, utanunua weye, utatoa weye."

"Niombe? Miye?"

"Weye."

Papa akachukua kalamu yake nyekundu akaanza kusahihisha kaye za wanafunzi, akiweka alama za makosa kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka. Maskini watoto wa darasa la sita.

Baadaye nikamwuliza Mama kwa nini asimpe tu. Awekee mezani, atoke. Akasema: "Nikimupa bila kuombwa, kesho atasema ilikuwa yake."

Kwa hiyo Mama hatampa mpaka aombe, na Papa haombi ng'o. Franga iko katika sanduku la bati chini ya kitanda ambacho wote wawili wanalalia! Haiwezi kutoka upande wa Mama kwenda upande wa Papa. Umbali huo hata Lucienne anautambaa.

Jumanne, 10 Machi 1981

Hawasemeshani. Wananisemesha mimi.

"Kanyere, mwambie baba yako chakula iko mezani." Baba yangu yuko mezani. Ameegemea meza.

"Kanyere, mwambie mama yako sina njaa."

"Kanyere, mwambie baba yako asipokula nitampa mbwa."

"Kanyere, mwambie mama yako hatuna mbwa."

Lucienne naye amejifunza. Jioni aliniambia: "Kanyere, mwambie Kanyere nataka sukari." Nilimpiga kidogo. Kisha nikampa sukari.

Shuleni Masera amesoma majina ya wasiolipa minerval, ada ya shule. Langu la tatu. Miaka yote Mama hulipa, bila maneno, na Papa hufanya kama hakuona. Sasa Papa amesema, kupitia kwangu, kwamba ada ya shule ya mtoto ni kazi ya baba. Mama amejibu, kupitia kwangu, vizuri sana, basi afanye kazi yake. Na mimi nimesimama katikati na barua ya Direkta mkononi!

Nataka kufika mwaka wa sita. Nataka diploma ya serikali. Ninaandika hapa kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Jumamosi, 14 Machi 1981

Nimekwenda kwa Shangazi Vahwere, dada yake Papa, anayeuza mandazi karibu na soko. Nilimweleza yote, nikalia kidogo. Hakunibembeleza. Alinipa mandazi ya moto, akangoja nimalize, kisha akasema:

"Kaka yangu alizaliwa vile. Alipokuwa mutoto, akianguka, alisema alikuwa anatafuta kintu chini."

Kisha akafikiri. Shangazi akifikiri huvuta sikio. Akasema mahari si ya mtu mmoja, ni ya ukoo. Dada anaweza kumsaidia kaka yake, hakuna wa kumcheka. Wengi hufanya hivyo. Basi mbuzi watoke kwake, Vahwere.

"Lakini Shangazi, wewe huna franga."

"Sina. Mama yako iko nayo."

Nikaelewa! Franga itoke kwa Mama, ipite kwa Shangazi, na kwa Papa ifike ikiwa mbuzi. Hakuna atakayeomba. Hakuna atakayejioa. Nilimkumbatia nikapata unga sare nzima.

Nimerudi na kumwambia Mama. Alisikiliza akipepeta. Mwisho akauliza swali moja tu: "Na yeye atajua?"

Nikasema Papa anajua hesabu, anaifundisha. Atajua siku ya kwanza.

"Basi," Mama akasema. Akatabasamu. "Angélique, leta ungo ingine."

Angélique!

Jumatatu, 16 Machi 1981

Nimepeleka franga kwa Shangazi. Niliifunga katika kitambaa, nikaiweka chini ya kitabu cha jiografia, na asubuhi nzima nilikaa darasani na mbuzi wanne miguuni pangu. Masera aliniita ubaoni kuonyesha mto Aruwimi. Nilikwenda na mfuko begani. Wote wakacheka. Mto niliuonyesha.

Alhamisi, 2 Aprili 1981

Mbuzi wamefika kutoka Djugu! Mwana wa jirani wa Shangazi amewaswaga. Majike watatu na beberu mmoja mwenye ndevu. Lucienne amemtazama yule wa ndevu, akasema: "Direkta." Kweli anafanana na Direkta wetu, hasa akitafuna. Jina limebaki.

Shangazi alikuja mwenyewe kumwambia Papa. Alisema: kaka, nimekusanya kidogo kidogo, ukoo usiaibike. Papa aliwatazama mbuzi. Akamtazama dada yake, mikono ya unga, kandambili zilizoshonwa kwa waya. Niliona anapiga hesabu. Niliona anafika kwenye jibu. Kisha akasema: "Asante, dada yangu. Damu ni damu."

Mama alikuwa pale pale, anaanika mchele. Hakugeuka. Nilisubiri Papa aseme neno moja upande ule. Hata "mwambie mama yako." Hakusema.

Lakini leo amekula nyama. Bila kuuliza imetoka wapi. Najiambia ni mwanzo.

Jumapili, 19 Aprili 1981

Pasaka. Misa ndefu, nguo zangu za mwaka jana zinanibana kwapani. Noko alifika jana, amekula kuku mzima na kusema kuku alikuwa mdogo. Kesho ndiyo makabidhiano. Papa amenipa abacost yake, suti isiyo na tai, nipige pasi. Alikuwa anaimba. Tangu Noeli sijamsikia akiimba. Mama alisimama jikoni, akasikiliza mpaka wimbo ukaisha, kisha akaendelea kumenya ndizi.

Nimeomba kanisani kesho ipite vizuri. Sikuomba kingine, hata minerval.

Jumatatu, 20 Aprili 1981

Nitaandika kwa mpangilio. Mkono unataka kukimbia.

Viti viliwekwa uani. Noko na mzee mmoja wa kwao anayeishi hapa Bunia, upande huu. Papa katika abacost, Shangazi Vahwere na majirani wawili, upande ule. Mama kwenye mkeka, nasi wawili nyuma yake. Mbuzi wanne wamefungwa kwenye mpera.

Noko aliwakagua. Alifungua midomo, akahesabu meno, akawapapasa mgongo. Direkta alimtafuna mkono wa koti. Noko akasema huyu iko na roho ya mukubwa, na watu wakacheka, na Papa alicheka kuliko wote. Mpaka hapo ilikuwa siku nzuri.

Kisha Papa akasimama kusema. Papa anasema vizuri, ni kazi yake. Alisalimu wazee. Alimkumbuka babu. Alisema ukoo wao si ukoo wa kuombaomba. Nilimwona Shangazi akiangalia vidole vyake vya miguu. Nikajiambia, sawa, hayo ni maneno tu, tumeyanunua wenyewe.

Kisha akasema:

"Leo nimemaliza. Shemeki, ushuhudie. Kuanzia leo bibi yangu iko bibi yangu yote. Hatapanda tena kamiyo kulala njiani na madereva. Atakaa nyumbani sawa bibi ya mwalimu. Na franga ya maharagi nitachunga miye."

Shangazi aliangusha kikombe. Hakikuvunjika, kilizunguka tu chini, na wote tukakitazama.

Nilimtazama Noko. Nilidhani atasema kitu! Yeye aliyefoka juu ya blanketi! Lakini alikuwa anatikisa kichwa. "Njo vile. Mutu akimaliza, amemaliza."

Papa! Papa, unajua! Unajua hesabu! Nilitaka kusimama na kusema mbele ya wote: franga ilikuwa chini ya kitabu changu cha jiografia. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mama akaweka mkono wake gotini kwangu, akajiinua kwa kuuegemea, kama mtu anayekwenda tu kuchota maji.

Alitembea mpaka kwenye mpera. Akamfungua Direkta. Akamvuta polepole, katikati ya viti, mbele ya abacost, mpaka nyuma ya jiko. Tulisikia akimfunga.

Akarudi, akaketi. Akavuta kitenge juu ya magoti.

"Ile njo nini?" Noko akauliza.

"Ile haiko ya leo," Mama akasema.

"Haiko ya leo namna gani?"

"Inabaki. Kaka, ushike tatu. Moja inabaki."

Papa angeweza kusema: mbuzi ile ni yangu. Lakini hapo mtu angeuliza: uliinunua na nini? Nilimwona akilifikia swali hilo, akasimama hapo, kama mwanafunzi aliyefika mstari wa mwisho na kugundua amekosea wa kwanza. Akamtazama Shangazi. Shangazi alikuwa anafuta kikombe kwa makini sana.

Noko alianza kucheka ndani ya tumbo, na kofia ikatikisika. Nadhani alikumbuka kuku atakaowala akirudi.

"Basi, shemeki, haujamaliza! Moja inabaki. Nitakuja tena kuuliza."

Mzee wa kwao akasema ndiyo, moja inabaki, yeye ni shahidi. Wakanywa. Papa hakunywa. Abacost niliyoipiga pasi vizuri hivyo ilikuwa imejikunja yote mgongoni.

Jumanne, 21 Aprili 1981

Noko kaondoka na mbuzi watatu. Nyumba kimya. Si kimya cha "Kanyere, mwambie." Hata hicho nakitamani.

Nimemwuliza Mama tukichambua maharagi. Nilikuwa na hasira naye pia, naandika hivyo kwa sababu niliahidi. Nilisema: tulifanya yote hayo ili mahari yako imalizwe, ili usipelekwe Lubero, na sasa wewe mwenyewe umebakiza deni!

Hakukasirika. Alitupa jiwe, akatupa maharagi mabovu.

"Sikia. Siku Noko yako atashika mbuzi ya mwisho, nikimuita atasema: kwetu ilishaisha. Ulimusikia jana. Alisema mutu akimaliza, amemaliza. Ile mbuzi njo mulango yangu. Ikibaki moja, baba yako hawezi kusema niko yake yote; niko na mahali pa kupita."

"Lakini unataka kupita? Uende wapi?"

"Niania," akasema. "Na kurudi."

Sijui kama nimeelewa. Nilichambua mpaka vidole vikawa na vumbi, nikafikiri: hawa ni watu wazima. Hawa ndio wanaotuambia sisi tuseme ukweli.

Jumamosi, 25 Aprili 1981

Mama amepanda lori la dereva Hippolyte asubuhi, juu ya magunia yake, kitenge kichwani. Papa alisimama mlangoni. Hakusema nenda, hakusema usiende. Lori lilipowaka, alitoka ghafla, akavuka barabara, nikasema Mungu wangu sasa itakuwaje! Alimpa turubai lake, lile la baiskeli, kwa sababu ya mvua ya Mambasa. Alilitupa juu bila kutazama. Mama alilidaka.

Kisha akarudi ndani akasahihisha kaye za wanafunzi. Polepole.

Direkta amekula kamba na nusu ya ndoo ya plastiki.

Jumatano, 29 Aprili 1981

MSHAHARA UMEFIKA! Walimu wote wa Bigo wamelipwa, mwezi mmoja kati ya yote wanayodaiwa, lakini umefika! Nilikimbia kutoka shuleni. Nilikuwa na barua ya pili ya minerval mfukoni, yenye mstari mwekundu chini ya jina langu. Nilijiambia leo Papa atafanya kazi yake ya baba, na Mama akirudi atakuta imefanyika, na labda mambo yataanza kulegea kutoka hapo.

Papa hakuwepo. Alikwenda sokoni.

Alirudi akiwa na mbuzi.

Nilishika nguzo ya mlango. Mbuzi! Jike jembamba, linakohoa, sikio moja limechanika. Lucienne akapiga makofi. Papa alilivuta mpaka nyuma ya jiko, akalifunga mbali kidogo na Direkta, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Hii nimenunua na yangu," akasema.

Minerval yangu! Ina miguu minne sasa na inakohoa! Nikamwonyesha barua. Niliinyoosha tu. Aliisoma mpaka mwisho, mpaka sahihi. Akaikunja, akaikunjua tena. Nilitaka kumhurumia na nilitaka kupiga kelele, vyote pamoja, na sikufanya hata kimoja. Akasema nusu atalipa kesho kwa kilichobaki, nusu ingine ataongea na Masera mwenyewe, yeye, kwa mdomo wake. Atamwomba.

Alisema hivyo. Atamwomba.

Kisha akakaa kwenye kizingiti cha jiko, mahali pa Mama, akawatazama mbuzi wawili. Wao hawakutazamana. Direkta anajua kujivuna.

Alhamisi, 30 Aprili 1981

Papa amekwenda shuleni kwetu leo. Nilimwona kupitia dirisha la darasa, uani, ameshika kofia kwa mikono miwili mbele ya Masera Bernadette, ambaye ni mfupi kuliko yeye. Alizungumza kwa muda mrefu. Geneviève aliniuliza yule si baba yako? Nikasema ndiye. Sikuona haya. Nilidhani nitaona.

Jioni hii aliniita.

"Kanyere. Hippolyte alirudi toka Komanda na gari ingine, kamiyo ya mama yako iliendelea; kesho anaenda tena Niania. Atamukuta mama yako pale. Umuandikie."

Nikaleta karatasi. Nilisubiri "mwambie". Nimezoea.

"Umuulize," Papa akasema.

Akavuta sikio, kama Shangazi. Nilikuwa sijawahi kuona kwamba na yeye hufanya hivyo. Kisha akasema mambo matatu, na mimi nikaandika jinsi alivyosema, na sasa naandika tena hapa ili nisisahau. Kwamba amepata mbuzi. Kwamba si mbuzi mzuri lakini ni wake, na anaweza kumpeleka Lubero kwa kaka yake Mama, au anaweza kumwacha afungwe pale alipo, Mama aseme. Na kwamba yale aliyosema siku ile juu ya lori na franga, aliyasema mbele ya watu, na hajui mtu anayarudishaje mbele ya watu.

"Andika vile?"

"Andika vile vile. Kisha umuulize: akirudi, nitafanya nini?"

Papa wangu! Mwalimu wa darasa la sita!

Nimeandika. Akasoma, akasahihisha herufi moja kwa kalamu nyekundu — hakuweza kujizuia — akanirudishia nifunge bahasha. Sijaifunga. Nyuma ya jiko wale wawili wanalia, kila mmoja na zamu yake, na Lucienne anawajibu wote. Kuna nafasi chini ya karatasi. Papa hatanisoma, ameingia kuoga, na Hippolyte amesema nimpe barua leo leo, kabla hajafunga magunia.

Kwa hiyo nimeongeza langu, kwa maandishi madogo, na hilo ndilo ninalotaka jibu lake, Mama, kwa lori hilo hilo litakalorudi, hata kama limekwama Mambasa juma zima, hata kama unamtuma Hippolyte na neno moja tu mdomoni: Papa sasa anaweza kumaliza. Ana mbuzi wake. Wewe mwenyewe, moyoni mwako, unataka amalize?